Ripoti za mazingira za viwanda ziletwe na data zenye mahali, siyo karatasi tu

Ndugu Mhariri,

Kila masika malalamiko kuhusu maji ya viwandani huibuka upya: Msimbazi jijini Dar es Salaam, Ngerengere hapa Morogoro, Themi kule Arusha, Mirongo Mwanza. Wakazi wanaonyesha maji yenye rangi na povu. Kiwanda nacho kinatoa ripoti nene ya ukaguzi wa mazingira, yenye mihuri yote. Ndani yake yamo majedwali ya pH (kipimo cha asidi), BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu majini), kromiamu na vumbi. Lakini ukiuliza sampuli namba tano ilichukuliwa wapi hasa, ukingo gani wa mto, juu au chini ya bomba la kiwanda, saa ngapi, na kama mwaka jana ilichukuliwa hapohapo, mara nyingi ripoti haina jibu. Hapo mkazi hawezi kuthibitisha anachodai, na kiwanda kisicho na kosa hakina cha kujitetea nacho.

Tunaomba nafasi katika gazeti lako kupendekeza jambo moja. Kila kiwanda, mgodi au bohari ya mafuta inayotakiwa kisheria kupima mazingira yake iweke vipimo vyote katika mfumo mmoja wa taarifa za kijiografia, ule ambao wataalamu huuita GIS. Na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, pamoja na bodi za maji za mabonde, zidai kukabidhiwa data zenyewe kama jedwali linalofunguka kwenye kompyuta, siyo ripoti iliyochapwa na kupigwa picha peke yake.

Wengi wakisikia mfumo huu hufikiria ramani yenye rangi ya kubandika ukutani. Ramani ni matokeo tu. Mfumo wenyewe ni hifadhi ya data ambamo kila namba imefungwa na mahali ilipopimwa na wakati ilipopimwa, ili mtu aweze kuuliza: visima vyote vilivyo ndani ya mita 500 kutoka kwenye tangi la dizeli, vipimo vyake vya miaka mitano viko vipi? Jibu la swali hilo lisipopatikana kwa dakika chache, basi hakuna mfumo, kuna michoro.

Tuanze na mahali, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa takriban mita 5. Ukisimama kando ya ukuta mrefu au chini ya paa la bati, kosa hukua mara kadhaa bila simu kukwambia waziwazi. Kwa hiyo mpimaji atoke nje ya kivuli cha jengo, asimame dakika moja au mbili namba zitulie, na aandike pia kiwango cha kosa ambacho chombo kinaonyesha. Hilo ni jambo dogo. Makosa makubwa ni ya uandishi.

Kosa la kwanza ni kuchanganya nyuzi, dakika na sekunde na nyuzi za desimali. Latitudo ya nyuzi 6, dakika 48 na sekunde 30 ikiandikwa 6.4830, wakati thamani yake halisi ni 6.8083, nukta inahama takriban kilomita 36. La pili ni alama ya kutoa. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, hivyo latitudo zake ni hasi. Ukisahau alama hiyo kwenye nukta ya Dar es Salaam, itaangukia Ethiopia. Ukiweka alama lakini ukabadilishana latitudo na longitudo, utaikuta Hispania. Makosa haya yana nafuu moja, yanaonekana mara tu ukifungua ramani. Hatari zaidi ni yale yasiyoonekana.

Ramani zetu za zamani za vipimo vya 1:50,000, pamoja na michoro mingi ya viwanja, zilitengenezwa kwa mfumo wa marejeo, yaani msingi ambao namba za mahali hupimwa kutoka kwake, uitwao Arc 1960. Simu na vifaa vya GPS hutoa kodineti, yaani namba za mahali, za mfumo mwingine uitwao WGS 84. Mifumo hiyo miwili inapishana kwa takriban mita 300 upande wa kaskazini na kusini, na kwa makumi ya mita mashariki na magharibi. Mtu akichukua mpaka wa kiwanda kutoka kwenye mchoro wa zamani, akaweka juu yake nukta za simu bila kugeuza mfumo, kila kitu kitaonekana kimekaa karibu na mahali pake. Kisima kitaonekana ndani ya uzio kumbe kiko kwa jirani. Bomba la majitaka litaonekana mbali na mto kumbe linagusa ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Kosa la mita 300 linaimeza mita 60 mara tano. Tunashangaa kuona kesi na amri za kubomoa zikijadiliwa bila mtu kuuliza mfumo wa marejeo uliotumika.

Kuna pia suala la kanda. UTM ni mfumo wa kodineti unaopima kwa mita badala ya nyuzi, na unaigawa dunia katika kanda. Nchi yetu imekatwa na kanda tatu za UTM: Kigoma mjini ni kanda ya 35 Kusini, Mwanza, Geita, Mbeya na Dodoma ni 36, Morogoro, Arusha, Tanga, Dar es Salaam na Mtwara ni 37. Nukta ya Dodoma ikisomwa kwa kanda ya 37 itaonekana katikati ya Bahari ya Hindi. Kampuni yenye matawi Dodoma na Morogoro isiweke kodineti za UTM kwenye jedwali moja bila safuwima ya kanda. Ushauri wetu ni kutunza latitudo na longitudo za desimali katika WGS 84, tarakimu tano baada ya nukta, kisha kugeuza kwenda UTM pale unapotaka kupima umbali au eneo. Tarakimu ya tano ni kama mita moja, inatosha. Katika programu ya QGIS mfumo wa WGS 84 wa UTM kanda ya 37 Kusini una namba 32737, na wa Arc 1960 kanda hiyohiyo ni 21037. Namba hiyo iandikwe kwenye kila jedwali na kila ramani. Na anayechora ukanda wa mita 60 kando ya mto akumbuke kugeuza kwanza: akiandika 60 kwenye tabaka la ramani lililo katika nyuzi, programu itachukua kwamba anataka nyuzi 60, na ukanda wake utafunika karibu Afrika nzima.

Baada ya mahali, jedwali. Viwanda vingi huweka kila robo mwaka kwenye faili jipya la lahajedwali, vituo vikiwa safuwima na vipimo vikiwa mistari, na seli zilizounganishwa ili lipendeze likichapwa. Jedwali la namna hiyo haliingii kwenye mfumo wowote bila kuandikwa upya kwa mkono. Mpangilio unaodumu una majedwali matatu. La kwanza ni la vituo: namba ya kituo, kodineti, mfumo wa marejeo, aina (mto, kisima, bomba la kutolea, vumbi, kelele), tarehe kilipoanzishwa na tarehe kilipofungwa. La pili ni la sampuli: namba ya sampuli, kituo, tarehe na saa, aliyechukua, hali ya hewa, kama ilichujwa, ilihifadhiwa vipi. La tatu ni la matokeo, na hapa kila tokeo moja lina mstari wake: namba ya sampuli, kitu kilichopimwa, thamani, kizio, kiwango cha chini ambacho mashine ya maabara inaweza kuona, njia ya upimaji na jina la maabara. Sampuli moja ikipimwa vitu ishirini, hiyo ni mistari ishirini. Jedwali litakuwa refu na halitapendeza kwa macho, lakini litaunganishwa na ramani bila shida miaka kumi ijayo.

Namba ya kituo isibadilishwe kamwe. Kisima kikiziba na kingine kikachimbwa mita tatu pembeni, hicho kipya kipewe namba mpya, hata kama wafanyakazi wataendelea kukiita kwa jina la zamani. Wapo wanaohamishia namba ya kisima kilichokufa kwenye kipya, na mchoro wa miaka mingi unaonyesha uchafu umeshuka ghafla kumbe ni kisima kingine kabisa. Tahadhari nyingine ni kutotumia herufi kama MAR au SEP kwenye namba za vituo. Excel ikiona MAR-3 itaigeuza kuwa tarehe 3 Machi bila kuuliza, na kituo kitapotea kwenye muungano wa majedwali. Tarehe nazo ziandikwe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Tarehe kama 03/04 kompyuta moja huisoma Aprili na nyingine Machi, na kwa mto wa kwetu tofauti kati ya Machi na Aprili yaweza kuwa tofauti ya kiangazi na mafuriko.

Maabara ina mitego yake. Tuchukue madini ya risasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Mashine ya maabara ikiwa haiwezi kuona chini ya 0.05, ripoti itaandika "haikuonekana", na meneja atafurahi. Lakini maji hayo yangeweza kuwa na mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa na bado jibu likawa hilohilo. Kwa hiyo kabla ya kulipia kipimo, ulizia maabara inaona hadi wapi, na ukatae kama hapafiki chini ya kiwango unachotaka kulinganisha nacho. Kwenye jedwali usiandike sifuri. Andika 0.05 kwenye safuwima ya thamani na alama ya "chini ya" kwenye safuwima yake ya pembeni. Sifuri ikiingia kwenye wastani inausafisha mto ambao haujasafishwa. Vizio navyo viangaliwe: maabara moja hutoa aseniki kwa mikrogramu, nyingine kwa miligramu, na mtu akiingiza 8 ya mikrogramu kama 8 ya miligramu amekosea mara elfu moja, na ramani itawaka nyekundu mahali pasipo na tatizo.

Hata kabla ya maabara, chupa inaweza kuharibu kila kitu. Sampuli ya metali hutiwa asidi ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Isipotiwa, metali hunata kwenye kuta za chupa na jibu hutoka dogo. Lakini maji ya mvua yenye tope yakitiwa asidi bila kuchujwa, metali zilizoshikamana na tope huyeyuka na jibu hutoka kubwa. Kwa sababu hiyo ni lazima jedwali liseme kama sampuli ilichujwa au la, na vipimo vya aina hizo mbili visichorwe kwenye mstari mmoja. Kromiamu yenye chaji sita, ambayo ndiyo yenye sumu kali kwenye majitaka ya viwanda vya ngozi, haihifadhiwi kwa asidi hiyo; huwekwa kwenye barafu na kupimwa ndani ya saa 24. BOD nayo haivumilii zaidi ya saa 48 hata ikiwa baridi. Zebaki ikihifadhiwa vizuri hukaa siku 28, metali nyingi nyingine hadi miezi sita. Mfumo wenye saa ya kuchukuliwa na saa ya kupokelewa maabara unaweza kukataa wenyewe matokeo yaliyochelewa, kazi ambayo hakuna karani anayeifanya kwa macho kwenye mistari elfu mbili.

Kwa upande wa mto, kituo cha juu ya kiwanda ni muhimu sawa na cha chini. Sehemu za Arusha na Kilimanjaro maji ya asili yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita za mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kwa sababu ya miamba ya volkano. Asiyepima juu ya kiwanda atakilaumu kiwanda kwa kosa la mwamba, au kiwanda kitajificha nyuma ya mwamba. Kituo cha chini kisiwe mdomoni mwa bomba, kiwe mahali majitaka yameshachanganyika na mto. Njia rahisi ya kupajua ni kupima uwezo wa maji kupitisha umeme ukingo wa kushoto, katikati na ukingo wa kulia. Namba tatu zikikaribiana, umefika. Zikitofautiana, shuka zaidi.

Tena, kipimo kwa lita bila wingi wa maji yanayopita kinadanganya. Bomba linalotoa lita 10 kwa sekunde zenye miligramu 2 za kitu fulani kwa kila lita linaingiza mtoni kilo 1.7 kwa siku. Masika maji ya mvua yakijichanganya humo, bomba likatoa lita 100 kwa sekunde zenye miligramu 0.5, ripoti itasema uchafu umepungua mara nne, wakati mto unapokea kilo 4.3 kwa siku. Ngerengere unaingia Ruvu, mto ambao Dar es Salaam inautegemea kwa maji. Walio chini wanapokea kilo, hawapokei wastani wa ripoti. Kwa hiyo kila kituo cha bomba kiwe na safuwima ya mtiririko, hata kama umepimwa kwa ndoo na saa ya mkononi.

Maji ya chini ya ardhi yanahitaji umakini kuliko yote, na ndiko tunakoona fedha nyingi zikipotea. Visima viwili haviwezi kusema maji yanaelekea wapi. Vinahitajika angalau vitatu, visivyo kwenye mstari mmoja ulionyooka. Na kinachopimwa siyo kina cha maji peke yake. Mfano: kisima A mdomo wa bomba lake uko mita 502.40 juu ya usawa wa bahari, na maji yako mita 6.10 chini ya mdomo huo. Kisima B ni 500.15 na 4.60. Kisima C ni 503.80 na 6.70. Ukitazama kina tu utadhani maji yanaelekea C, maana ndiko yaliko chini zaidi. Fanya hesabu ya kutoa: usawa wa maji kwa A ni 496.30, kwa B ni 495.55, kwa C ni 497.10. Maji yanatoka upande wa C kwenda upande wa B, kinyume kabisa. Kiwanda kilichoamini kina kitachimba kisima chake cha ulinzi upande ambao uchafu hauendi, kisha kitaripoti kwa miaka kwamba maji ni safi.

Tofauti katika mfano huo, kati ya kisima cha juu na cha chini, ni mita 1.55. GPS ya mkononi hukosea kimo kwa mita 10 au zaidi, na ramani za kimo zinazopakuliwa bure kutoka setilaiti haziwezi kufika usahihi unaotakiwa. Mdomo wa kila kisima lazima upimwe na mpima ardhi kwa chombo cha kusawazisha, hadi sentimita, na mahali pa kupimia pawekwe alama ya kudumu kwenye bomba. Bomba likikatwa au kuongezwa, vipimo virudiwe na tarehe iandikwe. Usawa wa maji wa visima vyote upimwe siku moja, na pampu za jirani zizimwe mapema. Tena upimwe kiangazi na masika, kwa kuwa karibu na mto mwelekeo unaweza kugeuka mto unapojaa.

Sasa zile ramani za rangi. Programu yoyote inaweza kuchukua nukta tano na kuzigeuza kuwa eneo zima lenye nyekundu, njano na kijani. Kompyuta inakisia thamani za mahali ambapo hakuna aliyepima, na haitasita kukisia ng'ambo ya mto, chini ya jengo, au nje kabisa ya eneo la nukta. Kuna njia moja maarufu ambayo kukisia kwake huacha miduara kuzunguka kila nukta, na watu huisoma miduara hiyo kama vyanzo vya uchafu wakati ni alama ya hesabu tu. Msimamo wetu ni kwamba ukiwa na nukta chache, chora nukta zenyewe, ukubwa wa duara ukionyesha thamani, na uache sehemu nyingine nyeupe. Mkaguzi anayeletewa ramani iliyojaa rangi aulize idadi ya nukta zilizotumika na adai kuziona juu ya ramani hiyohiyo.

Tabaka linalosahauliwa mno ni la mitaro na chemba. Mchoro wa kiwanda wa mwaka kilipojengwa huonyesha mitaro ya mvua na mabomba ya majitaka yakiwa mbalimbali. Miaka inapita, jengo linaongezwa, fundi anaunganisha sinki la karakana kwenye mtaro wa mvua kwa sababu uko karibu, na tangu siku hiyo mafuta yanakwenda mtoni bila kupita kwenye mtambo wa kusafishia. Ndiyo sababu povu huonekana mvua ikinyesha ingawa bomba rasmi liko safi. Mchoro wa zamani ukiingizwa kwenye mfumo utumie angalau nukta nne zinazotambulika, zilizotawanyika kwenye pembe za eneo, kisha kila chemba ifunguliwe, ipigwe kodineti, na ipimwe kimo cha sakafu yake. Pale ambapo uhusiano haujulikani, mimina maji yenye rangi isiyo na madhara na uangalie yanatokea wapi. Kazi hii inachafua nguo, na kwa maoni yetu inafichua mengi kuliko picha za droni.

Hatuzidharau picha. Setilaiti ya Sentinel-2 hupita kila baada ya siku tano hivi, na kila nukta ya picha yake ni mita 10. Landsat ina kumbukumbu tangu mwaka 1972. Zote ni bure. Zinafaa kuona bwawa limepanuka, mimea imekauka chini ya ukuta, au tope limehama. Masika mawingu huzifunika, na hazioni kromiamu. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulibomoka na tope likaingia kwenye makazi na mashamba. Tarehe 18 Februari 2025 bwawa la mabaki ya uchenjuaji wa shaba lilibomoka Chambishi, Zambia, na maji yenye asidi yakafika Mto Kafue. Katika saa za kwanza za janga la namna hii maswali yote ni ya mahali: visima gani viko chini, watu wangapi, machoteo yapi ya maji yafungwe. Anayeanza kutafuta kodineti siku hiyo amechelewa. Mgodi wenye bwawa unapaswa kuwa na tabaka la nyumba, visima na machoteo ya bonde lote la chini, na kulirekebisha kila mwaka kwa kushirikiana na ofisi ya kijiji.

Gharama haziwezi kuwa kisingizio. QGIS ni programu ya bure na inatosha kwa kiwanda cha kawaida. Kompyuta ya ofisini inaiendesha. Kinachogharimu ni mtu: fundi mmoja aliyefundishwa na kupewa muda rasmi kwa kazi hiyo, siyo kuongezewa juu ya majukumu mengine. Wapo vijana wenye ujuzi. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam kuchora mitaa na mitaro ya maeneo yanayofurika, na waliopita humo wanaifahamu kazi ya uwandani.

Jambo linalotuuma ni data kuondoka na mshauri elekezi. Mkataba ukiisha, kiwanda kinabaki na kitabu na picha za ramani, faili zenyewe zinabaki kwenye kompyuta ya mtu. Mshauri mpya anaanza upya, anavipa vituo namba zake, na miaka ya vipimo inakuwa haina kazi. Mkataba useme wazi: data zote ghafi ni mali ya kiwanda, zikabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho, zikiwa na majedwali matatu tuliyoyataja, vyeti vya maabara, na faili za ramani. Faili ziwe za GeoPackage, ambazo hukusanya kila kitu pamoja. Shapefile za zamani ni mafungu ya faili kadhaa. Likipotea lile lenye mfumo wa marejeo unarudi kwenye tatizo la mita 300, na majina ya safuwima hukatwa yakizidi herufi kumi, hata "kromiamu_jumla" na "kromiamu_sita" zikakaribia kufanana.

Kwa NEMC na bodi za maji, ikiwemo Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, tunaomba watoe fomu moja ya jedwali kwa nchi nzima, yenye safuwima tulizozieleza, na kibali cha kutiririsha majitaka kitaje kodineti za bomba na za vituo vya juu na chini pamoja na mfumo wake wa marejeo. Jedwali lenye kasoro lirudishwe kabla ripoti haijasomwa. Nukta za mabomba yenye vibali ziwekwe wazi kwa umma, ili mkazi akiona bomba linatoa maji usiku aweze kujua kama lina kibali au halina. Siri za biashara hazihusiki hapo, kwa maana bomba liko mtoni na kila mtu analiona.

Viwanda vinavyofungwa vinahitaji kanuni yake. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa lakini madini ya risasi yalibaki ardhini kati ya nyumba za watu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya pamoja na kusafishwa kwa eneo. Usafishaji wa udongo unategemea kujua ni nyumba ipi, kina kipi, kiasi gani. Tunaomba leseni isifutwe wala kiwanja kisihamishiwe mmiliki mwingine hadi hifadhi nzima ya data ya eneo hilo ikabidhiwe kwa NEMC na nakala yake kwa halmashauri, ikiwa na kodineti za matangi yaliyofukiwa, mashimo ya taka na visima vilivyozibwa.

Wasomaji wenu,
Wapima ardhi na wataalamu wa mazingira,
Morogoro